Mfumo Ni Kuchagua Pa Kuacha Wazi

Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Zidisha, unapata mita za mraba 7,140. Mtoe golikipa, wagawie wachezaji kumi waliobaki: kila mmoja anaangukiwa na mita za mraba 714. Hapa Omurushaka, mkoani Kagera, ukinunua kiwanja cha mita 20 kwa 35, ukajenga nyumba na kubakiza nafasi ya migomba michache nyuma, umenunua mita za mraba 700. Kwa hiyo kila mchezaji anakabidhiwa kiwanja cha nyumba nzima, kisicho na uzio, na wezi wako kumi. Hakuna binadamu anayeweza kukilinda peke yake kwa dakika tisini. Kwa hiyo watu hukusanyika wawili au watatu mahali pamoja, na mahali pengine pakabaki bila mlinzi. Kocha akisema timu yake inacheza 4-4-2 au 3-5-2, anachokutajia ni viwanja alivyokubali kuviacha wazi.

Nimeanza na hesabu kwa sababu ya ubishi niliousikia kwenye kibanda umiza kimoja hapa njiapanda, pale barabara ya Nkwenda na Murongo inapochepuka. Mechi ya Uingereza ilikuwa mapumziko. Kijana mmoja wa bodaboda, namba saba wa timu ya mtaani, akamgeukia kocha wake aliyekuwa amekaa benchi la nyuma.

"Mwalimu, na sisi tucheze hivi. Nyuma wabaki watatu, namba mbili aingie katikati kama kiungo."

"Sawa. Mpira ukipotea, nani atarudi upande wako?"

"Namba mbili."

"Si umemwingiza katikati?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, lakini swali la mwalimu ni zito kuliko kicheko chenyewe. Nani atarudi? Mfumo wowote unaoonekana mzuri kwenye runinga una mtu mmoja au wawili wanaoulipia kwa mapafu yao, na kamera mara nyingi haiko upande wao.

Tuanze na namba, maana sisi tunauzungumza mpira kwa namba. Mtoto wa Kyerwa ambaye hajawahi kumwona kocha mwenye cheti atakwambia anacheza namba sita, na utajua mara moja kwamba ni kiungo mkabaji, yule tunayemwita mkata umeme. Namba mbili na tatu ni mabeki wa pembeni, nne na tano mabeki wa kati, saba na kumi na moja mawinga, tisa mshambuliaji wa kati. Namba hizi zina umri mkubwa kuliko mifumo tunayoibishania. Zilipangwa kwa timu iliyocheza 2-3-5: mabeki wawili tu nyuma (2 na 3), mstari wa watatu mbele yao (4, 5 na 6), kisha washambuliaji watano kutoka 7 hadi 11. Ndiyo, watano.

Mfumo huo uliwezekana kwa sababu ya sheria. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihesabiwa ameotea kama hakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja akisogea mbele, washambuliaji wote wamenaswa. Mwaka huo idadi ikapunguzwa kuwa wawili na magoli yakamiminika. Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha namba tano kutoka katikati akasimama kati ya mabeki wawili. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la wazee wetu, sentahafu, kwa beki wa kati. Jina linamtaja mtu wa katikati kwa sababu huko ndiko alikoanzia kabla ya kurudishwa nyuma.

Baadaye timu zikahitaji beki wa nne, na hapo kila nchi ikamrudisha mtu wake. Waingereza walimrudisha namba sita, ndiyo maana Bobby Moore, beki na nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1966, alivaa sita. Argentina ilimbakiza tano katikati, na hadi leo kwao mkata umeme ni namba tano. Katika hesabu yetu aliyerudi ni namba nne, sita akabaki mbele ya mabeki. Kwa hiyo Mwajentina na Mnyambo wa huku kwetu wakikutana wakaanza kumsifia namba tano wao, wanasifu watu wawili wenye kazi tofauti kabisa. Namba ya mgongoni ni kumbukumbu ya wapi shimo liliwahi kuzibwa.

Ubaya wa kufikiri kwa namba ulionekana Wembley tarehe 25 Novemba 1953. Uingereza iliwakaribisha Hungary. Kazi ya namba tano wa Uingereza, Harry Johnston, ilikuwa kumkaba namba tisa. Lakini tisa wa Hungary, Nándor Hidegkuti, hakusimama mbele. Alishuka hadi katikati akawa anachezesha timu. Johnston akimfuata, anaacha uwazi mbele ya goli, na Ferenc Puskás anauingia. Asipomfuata, Hidegkuti anageuka na mpira akiwa peke yake. Matokeo yalikuwa 6-3, na Hidegkuti alifunga matatu. Johnston alikuwa beki mzuri aliyewekewa swali lisilo na jibu sahihi. Mfumo mzuri humfanyia mpinzani hivyo hivyo: unamlazimisha achague kati ya hasara mbili.

Sasa turudi huku kwenye vilima. Viwanja vingi tunavyochezea ndondo, mechi zetu za mtaani, vimechongwa ubavuni mwa mlima, na hata baada ya greda kupita, upande mmoja unabaki chini. Mpira una tabia ya maji, unakwenda bondeni. Winga wa upande wa chini anaugusa mpira mara nyingi sana, wa upande wa juu anasubiri kama abiria wa gari la mwisho. Mvua za masika zikinyesha, pasi fupi inakwama kwenye tope karibu na goli. Kwa mazingira hayo 4-4-2 ina faida ambayo wachambuzi wa redioni huidharau: kila upande una watu wawili, beki na kiungo wa pembeni, na kila mtu ana mwenzake wa kumtazama. Beki wa kati ana beki mwenzake, mshambuliaji ana mshambuliaji mwenzake. Huhitaji ubao wala mazoezi ya miezi mitatu. Kijana aliyeshinda kutwa akibeba mikungu ya ndizi anaelewa kwa dakika kumi asimame wapi na arudi wapi.

Faida ya pili ni wale wawili mbele. Kwenye uwanja wenye mashimo, kubutua si dhambi kama tunavyofundishwa. Mpira mrefu ukimkuta mshambuliaji mmoja peke yake, mabeki wawili wanamla. Ukiwakuta wawili, mmoja anaruka na mwenzake anaokota kinachodondoka. Magoli mengi ninayoyaona hapa yanatokana na kuokota kinachodondoka.

Udhaifu wake uko katikati. Viungo wawili wa kati wakikutana na timu yenye watatu, mmoja wa hao watatu yuko huru muda wote, na timu inakimbia ikizungushwa bila kugusa mpira. Lakini kwenye ndondo tatizo hilo huwa halijafika, maana kuna ugonjwa mkubwa zaidi. Arrigo Sacchi, aliyeipa Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990 kwa 4-4-2, alitaka kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa kwanza pasizidi mita 25 hivi. Mabeki wakipanda, wote wamepanda. Wakirudi, wote wamerudi. Kwetu mabeki wanabaki kwenye eneo la kumi na nane kwa kuogopa kukimbizwa, washambuliaji wanabaki mbele kwa kuogopa kurudi, na katikati panabaki uwazi unaotosha kulisha ng'ombe. Tunaandika 4-4-2, tunacheza 4-0-6. Hapo usiulaumu mfumo.

Mifumo ya mabeki watatu ina mvuto wake, na mkoa wetu una kumbukumbu nayo. Msimu wa 2017/18 Simba ya Pierre Lechantre, akisaidiwa na Masoud Djuma, ilicheza sana 3-5-2: mabeki watatu wa kati, Shomari Kapombe na Asante Kwasi wakipanda na kushuka pembeni, John Bocco na Emmanuel Okwi mbele. Mantiki yake ni nzuri. Dhidi ya washambuliaji wawili una mabeki watatu, mmoja anabaki huru. Katikati una watatu, humezwi na mtu. Na mbele bado una wawili. Simba walikuwa tayari mabingwa, hawajafungwa hata mchezo mmoja wa ligi, wakati Kagera Sugar wanafika Uwanja wa Taifa tarehe 19 Mei 2018. Rais John Magufuli alikuwa jukwaani, amekuja kukabidhi kombe. Edward Christopher akafunga, Juma Kaseja akiwa langoni kwa Kagera akaiokoa penalti ya Okwi, ikaisha 1-0. Wakulima wa kahawa huku walikesha.

Ningependa kuandika kwamba siku ile 3-5-2 ndiyo iliyofungwa. Ingekuwa makala tamu, lakini penalti ile ingeingia nisingekuwa na hoja. Mchambuzi anayeeleza kila goli kwa mfumo anauza maji mtoni. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni bei ya mfumo wenyewe: nyuma ya Kapombe na Kwasi kulikuwa na viwanja viwili vilivyoachwa wazi kwa makusudi. Mpinzani akiupata mpira mtu wa pembeni akiwa juu, beki wa kati analazimika kutoka kwenda pembeni, na akitoka anaacha mlango wa mbele ya goli. Kwa hiyo wanaoulipia 3-5-2 ni wale wawili wa pembeni, wanaokimbia upande mzima wa uwanja kwenda na kurudi. Antonio Conte alipobadilisha Chelsea kuwa 3-4-3 baada ya kuchapwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, alishinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa. Upande wa kulia alimweka Victor Moses, winga aliyekubali kuwa punda. Hapa kwetu punda huyo simuoni. Vijana wana pumzi, lakini wengi wanakuja uwanjani saa kumi jioni wakiwa tayari wameshinda kwenye pikipiki au shambani.

Mfumo unaotawala ligi yetu kwa sasa ni 4-2-3-1, na mfano wake bora wa miaka ya karibuni ni Yanga ya Miguel Gamondi. Tarehe 5 Novemba 2023 waliifunga Simba 5-1. Watu wanakumbuka idadi ya magoli. Mimi nakumbuka upana. Nyuma ya Kennedy Musonda walisimama watatu, Maxi Nzengeli, Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua, na hakuna kati yao winga wa kushikilia mstari. Wote waliingia ndani. Upana waliuachia mabeki, Yao Kouassi kulia na Joyce Lomalisa kushoto. Na nyuma ya hao wote alibaki Khalid Aucho, akisaidiana na Mudathir Yahya, akiziba mashimo yaliyoachwa na wanaopanda.

Tazama swali walilowekewa mabeki wa Simba. Beki wa pembeni akimfuata Maxi anayeingia ndani, Yao yuko peke yake pembeni. Akibaki na Yao, Maxi na Aziz Ki wanakuwa wawili dhidi ya mkata umeme mmoja. Ni swali lile lile la Harry Johnston, miaka 70 baadaye, nyasi nyingine. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, kipindi cha pili yakaingia manne, na siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake Robertinho. Msimu huo mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki kwa magoli 21, namba kumi anayetokea nyuma ya mshambuliaji, akimtangulia Feisal Salum wa Azam mwenye 19, naye mtu wa kiungo. Wawili wa juu wote si namba tisa. Hilo linakueleza ligi imekwenda wapi.

Udhaifu wa 4-2-3-1 ni yule mmoja wa mbele. Timu ikibanwa ikarudi nyuma, anabaki kisiwani, kila mpira unaopigwa mbele unarudi kama deni. Na mfumo unamtegemea namba sita kupita kiasi. Mwondoe Aucho, mpe jezi yake kijana anayependa kupanda na kufunga, na mabeki wawili wa kati watajikuta wakimtazama mpinzani anakuja mbio bila mtu mbele yao. Timu nyingi za wilaya zinaiga watatu wa juu wa Yanga kwa sababu ndio wanaofunga. Kumuiga Aucho hakuna anayetaka, maana hapigiwi makofi.

4-3-3 nitaipitia haraka, maana ni ndugu wa huo. Ni mfumo mtamu ukiwa na mpira na ukikabia juu, kwa sababu watatu wa mbele wanawafikia mabeki wa mpinzani mapema. Watatu hao wakigoma kurudi, watatu wa katikati wanabaki kulinda mita 68 za upana, na hesabu ya viwanja tuliyoanza nayo inageuka kuwa msiba.

Kilichobaki ni kupaki basi: mabeki watano, wanne mbele yao, mmoja mbele kwa ajili ya heshima. Tunaubeza mfumo huu tukiwa vijiweni, lakini timu ndogo inayokwenda ugenini haina anasa ya kuubeza. Unaziba viwanja vyote vilivyo karibu na goli na kuacha wazi nusu nzima ya mbali, ambako hakuna cha kuibiwa. Hasara yake ni kwamba unampa mpinzani mpira na saa. Na hasara hiyo haihitaji mabeki watano ili ikupate, inatosha timu irudi nyuma kwa woga. Kwenye AFCON, Januari 2024, Taifa Stars waliongoza dhidi ya Zambia kwa goli la mapema la Simon Msuva, na kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi baada ya Roderick Kabwe kupewa kadi nyekundu. Goli moja mbele, mtu mmoja zaidi, na kipindi kizima cha pili. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka peke yake kwa kichwa, 1-1. Ukimwachia mtu mpira kwa muda mrefu, hata akiwa pungufu atapata kona, na kona haiulizi mko wangapi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo karatasi ya kocha haionyeshi. Msimu wa 2018/19 Simba ya Patrick Aussems, iliyopenda kuwapanga pamoja Okwi, Meddie Kagere na Bocco, ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nyumbani ilishinda zote tatu: JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, AS Vita 2-1. Ugenini ilifungwa zote tatu, 2-0, 5-0 na 5-0, magoli kumi na mawili bila jibu. Wachezaji ni wale wale. Walichokipanda Dar es Salaam hakikuota Kinshasa wala Misri, kwa sababu nyumbani mpinzani ndiye aliyeogopa kupanda, na ugenini viwanja vilivyoachwa wazi nyuma ya mabeki wao vikapata wanunuzi. Robo fainali walifika, na wakatolewa.

Ukiniuliza ningepangaje hapa, jibu langu ni 4-4-2, na namba kumi awe na amri ya kushuka katikati mpira unapopotea ili pale wawe watatu. Winga wa upande wa juu aingie ndani, maana huko juu hatapata mpira kwa vyovyote. Mabeki wa pembeni wapande kwa zamu, mmoja tu kwa wakati. Mabeki wa kati watoke kwenye kumi na nane kila mpira unapovuka nusu, hata kama miguu inakataa. Na namba sita nisingemchagua kwa chenga. Ningemchukua yule anayeuliza maswali mazoezini. Yule kijana wa bodaboda atasema ni mpira wa kizee, na pengine ana haki yake.

Jumapili ukija uwanjani, nakuomba kitu kimoja. Usisimame katikati ya mstari na umati. Zunguka hadi nyuma ya goli, na kwa dakika tano usiutazame mpira. Mpira ukiwa kushoto, tazama kulia, kisha hesabu watu wanaolinda pale. Ukipata sifuri, mwite mwalimu umwambie kabla hawajafunga.